Paka Wetu Hajakubali Kuhamia Dodoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtumishi wa umma na mama wa watoto wawili. Kwa miaka kumi na moja nimeishi Tabata, Dar es Salaam, hadi mwezi huu nilipopata uhamisho wa kuja kufanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba. Tumepanga nyumba maeneo ya Ilazo, nyumba nzuri yenye uzio, ambayo mafundi wa rangi waliondoka wiki moja tu kabla hatujaingia. Sisi wenyewe tumeanza kuzoea upepo, vumbi na maji yenye chumvichumvi, na watoto wamekwishapata marafiki. Ninayekuandikia habari zake ni paka wetu, Chausiku.

Chausiku ni jike mweusi mwenye umri wa miaka minne, na amezaa mara mbili. Tabata alikuwa akitoka na kuingia apendavyo: mchana alilala juu ya friji, jioni alinisubiri getini, usiku aliwinda panya, na haja yake aliifanya bustanini chini ya mwembe na kuifukia. Siku ya kuhama tulimtia katika tenga tuliloazima kwa jirani anayefuga kuku, tukalipandisha juu ya lori pamoja na vyombo, naye akasafiri usiku kucha. Utingo alituambia kwamba alilia hadi Chalinze, kisha akanyamaza mpaka Dodoma.

Alipofika alikuwa ananuka kinyesi cha kuku na mkojo wake mwenyewe, hivyo nikamwogesha kwa sabuni. Nilifua matandiko yote, pamoja na kipande cha blanketi alichokuwa akikilalia, na nikapiga deki nyumba nzima kwa dawa ile ya kuulia vijidudu ambayo ikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Hadi leo napiga deki kwa dawa hiyo kila asubuhi. Nilitaka tuanze maisha mapya katika usafi.

Leo ni siku ya tisa. Siku mbili za kwanza hakugusa chakula kabisa. Tangu siku ya tatu anakula kidogo sana, usiku tu, sisi tukiwa tumelala. Mchana kutwa amejibanza nyuma ya kabati la nguo, na nikimvuta ili nimbembeleze ananiparua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Amekojolea godoro la mwanangu mdogo mara tatu. Usiku hulia kwa sauti ndefu kama ya mtoto, akienda mlango hadi mlango. Siku ya sita alipenya dirisha la jikoni lisilo na wavu, tukamtafuta kutwa nzima hadi barabara kuu, na hatimaye usiku wa manane tukamkuta katika pagala la pili kutoka kwetu. Kuna dume wa jirani ambaye kila jioni hukaa juu ya ukuta wetu akitazama madirishani.

Mume wangu amechoka na anataka tumpe mama lishe mmoja wa karibu na stendi ya Nanenane, ambaye anasumbuliwa na panya. Jirani mmoja ameniambia nimtie paka katika kiroba na kumzungusha nyumba mara saba ili asahau alikotoka. Mwingine, anayefuga ng'ombe, amenipa dawa kidogo ya kuogeshea mifugo, akihisi kwamba ni kupe wanaomsumbua, bado sijaitumia. Naomba unishauri: je, Chausiku ni mgonjwa? Nimrudishe kwa dada yangu Tabata? Na kama atabaki, nimfungulie lini?

Mama Wawili, Ilazo

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na karibu Dodoma.

Kabla sijaingia katika mambo mazito, naomba umwambie baba watoto kwamba nchi hii iliamua mwaka 1973 Dodoma iwe makao makuu, lakini ofisi zilianza kuhamia kwa wingi baada ya tangazo la mwaka 2016, yaani miaka arobaini na mitatu baadaye. Paka wenu mmempa siku tisa.

Nimeusoma mkasa wa Chausiku katika barua yako mara mbili, na sioni paka mkaidi wala paka aliyerogwa. Naona paka aliyepotelewa na harufu. Sisi huijua nyumba kwa macho: hapa mlango, pale kochi, kule picha ya harusi. Paka huijua kwa pua. Mashavuni, kidevuni, kwenye nyayo na karibu na shina la mkia ana vitezi vinavyotoa harufu yake mwenyewe, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye gauni lako, anaacha alama inayomwambia kwamba hapa ni pake na hakuna hatari. Nyumba ya Tabata ilikuwa na alama hizo za miaka minne, kuanzia juu ya friji hadi kwenye mwembe. Nyumba ya Ilazo ina harufu ya rangi, saruji na mafundi. Hata hivyo, alikuja na vitu vitatu ambavyo vingemsaidia kuanza: manyoya yake mwenyewe, kile kipande cha blanketi, na matandiko yenu. Vyote vitatu ukaviosha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo umemhamisha mara mbili, mara ya kwanza kwa lori na mara ya pili kwa sabuni. Sikulaumu, kwa maana mama yeyote anayeingia katika nyumba mpya angefanya vivyo hivyo, na tenga la kuku si kitu cha kuvumiliwa na pua ya mtu. Nakueleza ili ujue kwamba dawa ya tatizo hili iko mikononi mwako, na kwamba sehemu yake kubwa ni kuacha kufanya mambo fulani.

La kwanza la kuacha, na uliache leo, ni ile dawa nyeupe ya deki. Dawa nyingi za aina hiyo zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka haliwezi kuzivunjavunja kama linavyofanya ini la binadamu. Paka hukanyaga sakafu, kisha hujilamba nyayo. Anachokilamba ndicho ulichopigia deki. Pigia sakafu maji ya kawaida na sabuni kidogo, suuza vizuri, na acha ikauke kabla hajapita. Nyumba itabaki safi.

Sasa swali lako la ugonjwa. Kukosa hamu ya kula siku ya kwanza baada ya safari ni jambo la kawaida, lakini paka asiyekula kabisa kwa siku mbili si wa kusubiriwa, kwa sababu mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na hali hiyo huweza kumuua, hasa paka mnene. Chausiku alifika kwenye mpaka huo, akarudi. Kwa kuwa anakula kidogo tu, na kwa kuwa amekuwa akikanyaga na kulamba ile dawa, ningekushauri umfuate daktari wa mifugo wiki hii hata kama anaonekana mzima; na ukiona anatapika, anadondosha mate, anapumua kwa shida, macho au ufizi wake unakuwa wa manjano, au anachuchumaa kukojoa bila kutoa kitu, usingoje hata kesho. Namna ya kumbeba nitakuambia hapo chini, maana si katika tenga lile tena.

Wakati huo mpe chakula alichokuwa akila Tabata, kile kile, wala usitumie wiki hizi kumzoesha kitu kipya. Kama ni dagaa, waloweke na kuwasuuza ili chumvi itoke, kisha uwapashe moto kidogo, kwa sababu chakula cha uvuguvugu hunukia zaidi, na paka asiyenusa chakula hali. Usimpe mchuzi uliokaangiwa vitunguu maji au vitunguu saumu, ambavyo huharibu damu ya paka, na usimpe maziwa ya ng'ombe kwa kumwonea huruma, kwa sababu paka wengi wakubwa huharisha wakinywa maziwa. Umetaja mwenyewe kwamba maji ya hapa yana chumvichumvi. Huenda Chausiku naye ameligundua hilo, kwa hiyo mjaribu kwa siku chache na yale maji mnayonunua ya kunywa, uyaweke mbali na sahani ya chakula, na uongeze maji katika dagaa wake.

Jambo kubwa kuliko yote ni chumba. Umempa nyumba nzima, na nyumba nzima ni kubwa mno kwa mnyama ambaye hajui hata kona moja. Chagua chumba kimoja kilicho kimya, ambacho watoto hawapiti kila dakika. Kama kabati la nguo liko katika chumba chenu cha kulala, basi ni hicho hicho, kwa sababu amekwisha kukichagua yeye. Mfungie humo akiwa na chakula kona moja, beseni la mchanga kona ya mbali na chakula, na mahali pa kujificha. Najua kwamba kwa sasa nyumba yenu imejaa maboksi ya kuhamia. Chukua moja la ukubwa wa kumtosha kugeuka, lilaze ubavu, toboa tundu la pili ili asijione amenaswa, na utie ndani kanga au fulana uliyoivaa siku mbili bila kuifua. Usidhani kwamba kumpa maficho ni kumdekeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi waliwachunguza paka wapya katika kituo cha kulelea wanyama, wakawapa baadhi yao maboksi na wengine wakawanyima. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa maboksi walitulia mapema kuliko wenzao. Paka anayeweza kujificha ndiye anayepata ujasiri wa kujitokeza.

Kwa sababu hiyo, usimvute tena. Kila unapoingiza mkono nyuma ya kabati unamthibitishia kwamba hata hapo hapana usalama. Badala yake, jioni ukitoka Mtumba, ingia chumbani, keti sakafuni ukimpa ubavu, fanya kazi zako za kawaida kama vile kuchambua mchele, kukunja nguo au kuongea na dada yako kwa simu, na usimtazame usoni kwa kumkazia macho. Akikuangalia, fumba macho polepole na uyafumbue polepole, kisha uangalie pembeni. Atakapokuwa tayari atakuja kukunusa kidole, na baadaye atakusugua kwa shavu. Siku hiyo chukua kitambaa laini, mpanguse nacho mashavu taratibu, kisha kipitishe kitambaa hicho kwenye miguu ya kitanda, kwenye kona za kabati na kwenye fremu ya mlango, kwa kimo cha paka. Hivyo ndivyo unavyomsaidia kuandika jina lake upya. Watoto waelezwe kwamba wataingia mmoja mmoja, bila kukimbia, na kwamba paka ndiye anayeamua mazungumzo yaishe lini.

Kuhusu godoro, alichofanya Chausiku si kisasi. Mwembe wake haupo, mchanga haupo, na sakafu yote ina vigae na dawa. Katika nyumba nzima, kitu laini kinachonyonya maji na chenye harufu ya mtu anayemfahamu ni godoro la mtoto. Mpe beseni pana, kubwa kuliko unavyofikiri linahitajika, ulijaze mchanga mkavu laini kwa kina cha vidole vinne hivi, na uchote uchafu kila asubuhi na jioni. Mchanga wa korongoni unapatikana kwa urahisi hapa kwetu. Uchekeche kwanza uondoe miiba na mawe. Godoro lenyewe lioshe kwa sabuni na maji, ulipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha ulianike katika jua la Dodoma, ambalo kwa kazi hiyo halina mfano. Usilipake dawa ya klorini, kwa sababu harufu yake huwavuta paka wengine kukojoa pale pale.

Kilio cha usiku kina sababu mbili zinazowezekana, na huenda zote mbili zipo. Ya kwanza ni ugeni wenyewe. Nyumba zetu za mabati hupata joto kali mchana, na usiku baridi inapoingia mabati hujikunja na kulia, kisha upepo nao huyatikisa. Mimi mwenyewe nilipofika Dodoma kutoka chuo cha mifugo Mpwapwa nilidhani kuna mtu juu ya paa. Sababu ya pili ni dume aliye ukutani. Umesema Chausiku amezaa mara mbili, kwa hiyo hajafungwa uzazi, na katika nchi kama yetu, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, paka jike huweza kuingia joto wakati wowote wa mwaka. Mtazame: kama anapolia hujiviringisha sakafuni na kuinua sehemu ya nyuma huku akisogeza mkia kando, basi habari ni hiyo, na yule dume hakuja kutazama mapazia. Kwa lugha ya upole, ile siku aliyokaa katika pagala huenda haikuwa ya upweke. Mimba ya paka huchukua wiki tisa hivi. Mweleze daktari jambo hilo, akague, kisha mpange kumfunga uzazi wakati ufaao. Kwa sasa funga pazia la dirisha linalotazama ukuta, ili asione mgeni huyo kila jioni.

Kiroba ukirudishe kwa mwenyewe. Kumzungusha paka hakumsahaulishi alikotoka, ila kunamfundisha kuwaogopa waliomzungusha. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo iondoe kabisa mahali ambapo mtu anaweza kuitumia kwa nia njema. Nyingi kati ya dawa hizo zina viambato vya jamii ya pairethroidi, kama permetrini, ambavyo ng'ombe na mbwa huvivumilia lakini paka hutetemeka, hupata degedege na kufa. Tulifundishwa ng'ombe zaidi ya paka pale chuoni, lakini hilo nililiona baadaye kwa macho yangu, na sipendi kuliona tena. Madhali tunazungumzia nia njema, kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, hata kama anaonekana ana homa.

Umeuliza umfungulie lini. Tabata ni mbali, kilomita zaidi ya mia nne, na Chausiku hawezi kufika. Paka anayehamishwa kutoka Area C, hapa hapa Dodoma, kwenda Ilazo anaweza kabisa kurudi kwa miguu katika nyumba ya zamani, na wapo waliofanya hivyo mpaka wapangaji wapya wakawazoea. Wako hana pa kurudi, ana pa kupotea tu. Lakini mlikosea mlipomtafuta hadi barabara kuu. Paka wengi waliotoroka hujibanza karibu: utafiti mmoja kuhusu paka waliopotea, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walikotorokea. Akitoka tena, anzeni na mapagala, mitaro na chini ya magari ya majirani, usiku, kwa tochi na sauti ya chini.

Hesabu wiki tatu kamili kuanzia siku utakayompa chumba chake, si kuanzia siku ya lori. Wiki ya kwanza abaki chumbani. Akianza kula mchana na kulala akiwa amejinyoosha badala ya kujikunja, mfungulie mlango wa chumba apite ndani ya nyumba kwa saa chache, madirisha yakiwa yamefungwa na lile la jikoni likiwa limewekwa wavu; fundi wa madirisha hamalizi nusu siku kwa kazi hiyo. Baada ya wiki tatu mtoe uani kabla hajala, asubuhi yenye utulivu isiyo na upepo, mlango wa nyuma ukiwa wazi, nawe uwe hapo na sahani. Dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Kagua ua kwanza, uondoe marundo ya matofali na mbao waliyoyaacha mafundi, maana nge hawakosekani katika marundo hayo. Kabla ya siku hiyo awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa wanaozurura ni wengi na ugonjwa huo huwapata paka pia, na kupitia kwao hutufikia sisi.

Kwenda kwa daktari, tumia boksi lenye matundu au kikapu chenye mfuniko, utie ndani ile kanga isiyofuliwa, ukifunike kwa kitenge ili asione njia, na ukiache chumbani wazi siku moja kabla ili akizoee. Safari ya namna hiyo haitafuta uliyoyajenga chumbani.

Sioni sababu ya kumrudisha Tabata. Nyumba yenu ya zamani ina watu wengine, na kwa dada yako itakuwa nyumba ngeni ya pili katika mwezi mmoja. Kwa mama lishe itakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa paka mwenye hofu hawindi panya. Angekimbia siku ya kwanza, na pale stendi magari ni mengi. Ila baba watoto usimpuuze, kwa sababu ni yeye anayekatishwa usingizi. Mpe kazi ya kupeleka sahani ya jioni chumbani kila siku saa moja, aiweke, aketi dakika tano bila kusema neno, na atoke. Mkono unaoleta chakula ndio paka anaoujua kwanza, na sitashangaa ukiniandikia mwezi ujao kwamba anayesubiriwa getini sasa si wewe.